Goma: Mlango wa teksi uliofungwa kwa mpira si mlango

Katika mji wa Goma, mtu akipanda teksi ya kwenda Ndosho au Mugunga hupewa amri kabla hajakaa vizuri: "Mama, usiguse mlango, nitakufungia miye mwenyewe." Shofere anashuka, anazunguka gari, anauinua mlango kwa mikono miwili kama anayeinua gunia la makala, anausukuma kwa goti, kisha anaupiga. Usipofunga, anaupiga tena. Ukikataa kabisa, kipande cha mpira wa ndani wa tairi kinatolewa chini ya kiti, kinafungwa kati ya mlango na kiti, na safari inaanza. Watu wamezoea. Hata kucheka hawacheki tena.

Mazoea hayo yanapaswa kukataliwa. Mlango uliofungwa kwa mpira ni mlango ambao mwenye gari ameshaamua kwamba hatautengeneza, na hatari yote ya uamuzi huo amemwachia abiria aliyekaa kando yake. Mara nyingi abiria huyo ni mama mhami kutoka Masisi au Rutshuru, mtoto yuko mapajani, kifurushi kiko miguuni, na hana nafasi ya kuchagua gari. Anapanda lile lililosimama.

Ni vizuri kwanza kujua kilichoharibika, kwa sababu wengi wanafikiri gari zima limechoka. Mlango wa gari unashikwa na bawaba mbili, moja juu na moja chini. Kila bawaba ina vipande viwili vya chuma: kimoja kimefungwa kwa buloni kwenye nguzo ya gari, kingine kwenye mlango wenyewe. Vipande hivyo vinaunganishwa na pini, na kati ya pini na tundu lake kuna bushi, mrija mfupi wa shaba au wa madini mengine laini. Bushi iliwekwa pale ili iishe yenyewe. Inaliwa pole pole ili pini na bawaba visiliwe. Ikipata grisi inadumu miaka mingi. Ikikosa grisi inakufa mapema, hasa hapa Goma ambapo vumbi la barabarani ni mawe ya volkeno yaliyosagwa na matairi, na linakwaruza chuma kama msasa.

Bushi ikiisha, pini inacheza. Tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai. Kwenye bawaba unaona mchezo wa milimita moja au mbili tu, kitu ambacho fundi asiye makini atakipita. Lakini mlango ni kama mkono ulionyooshwa: huku mwisho, kwenye komeo, umeshuka mara mbili au tatu ya hapo. Komeo linakuja chini ya kile chuma cha kwenye nguzo ambacho lilitakiwa kukikamata. Hapo ndipo kuupiga kunapoanza. Na kila pigo linaila bawaba zaidi, linalegeza kioo ndani ya mlango, na mwishowe linapasua bati la nguzo pale buloni zilipofungwa. Kilichoanza kama bushi ndogo kuliko kidole kinaishia kuwa kazi ya kuchomelea bodi.

Ugonjwa huu haukuzaliwa Goma. Huko Marekani una wagonjwa wake maarufu, magari ya zamani ya mbio kama Chevrolet Camaro na ndugu yake Pontiac Firebird, yale yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1982 na 1992. Yana milango miwili tu. Kwa kuwa anayekaa nyuma lazima apitie mlango wa mbele, mlango ulifanywa mrefu, na kurefuka kwake ni kuongezeka uzito: ndani yake kuna kioo kikubwa, mashine ya kukipandisha, na chuma kinene cha kumkinga mtu gari likigongwa ubavuni. Viti vyake viko chini, karibu na lami, kwa hiyo anayetoka hushika mlango na kujivuta juu. Watu wakijivuta hivyo kwa miaka thelathini, bushi zinaisha, na gari lililotengenezwa kwa vijana wa kutamba linainuliwa mlango kwa mikono miwili sawa na teksi ya Ndosho. Afadhali hata ya Ndosho, maana kioo cha mlango wa Camaro hakina fremu. Mlango ukishuka, kioo hakikai tena kwenye mpira wake, mvua inaingia na upepo unapiga mluzi njia nzima.

Wanaoyapenda magari hayo hawafungi mlango kwa mpira. Wananunua pini mbili na bushi nne, vitu vinavyoingia kwenye kiganja cha mkono, kwa bei isiyofikia ya tairi moja. Mlango unafunguliwa, unawekewa kriki chini yake na ubao juu ya kriki ili rangi isikwaruzwe, na kriki inapandishwa mpaka ibebe uzito. Mtu wa pili anaushika usiyumbe. Pini ya zamani inagongwa itoke, bushi zilizoliwa zinatolewa, mpya zinaingizwa kwa kugongwa taratibu, pini mpya inarudi na grisi yake. Bawaba moja inamalizwa kabisa kabla ya kugusa ya pili, la sivyo mlango mzima unaanguka chini. Kwenye baadhi ya magari ya aina hiyo kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa kwenye bawaba, na fundi anayeitoa bila chombo cha kuishika inaweza kumrukia usoni. Kazi yenyewe ni ya nusu siku, kwa watu wawili. Baada ya hapo mlango mzito vile unafungwa kwa kidole.

Teksi za Goma, hizo Toyota Carina na Corolla zilizokwisha kutumika nchi nyingine kabla ya kufika hapa, zina milango mifupi na myepesi kuliko hiyo. Lakini kazi zake ni za kikatili. Mlango wa teksi unafunguliwa kwa siku moja mara nyingi kuliko mlango wa gari la nyumbani kwa wiki nzima. Anayepanda na mzigo huushika ili apate nguvu. Mzee huegemea. Shofere akiwa parkingi anaita abiria huku kiwiko kiko juu ya mlango ulio wazi. Kisha kuna barabara. Ukitoka kwenye lami na kuingia mitaani, magurudumu yanapanda na kushuka juu ya mawe ya volkeno, na kila shimo ni nyundo kwenye bawaba. Hakuna wa kumlaumu hapo, si mama mwenye mzigo wala mzee. Mlango umetengenezwa ushikwe. Ila mlango unaofanya kazi kiasi hicho unastahili grisi kila mwezi, na garaji ambako grisi ya bawaba inakumbukwa ni chache sana. Fundi anamwaga mafuta ya mashine, anabadilisha breki, anakagua springi za chini. Bawaba haiulizwi kitu mpaka ilie.

Kujua kama bawaba imechoka hakuhitaji mashine. Mlango unafunguliwa nusu. Mtu mmoja anashika mwisho wake, upande wa komeo, anauinua na kuushusha. Mwingine anaangalia bawaba. Pini ikionekana inacheza ndani ya tundu, tatizo ni bushi au pini. Bawaba nzima ikisogea juu ya nguzo, basi buloni zimelegea, na huenda kukaza tu kunatosha, baada ya kuweka alama kwa msumari mahali bawaba ilipokuwa ili isikazwe mahali pabaya. Bati la nguzo likionekana linapumua, linaingia na kutoka, nguzo imepasuka, na hapo kweli ni kazi ya kuchomelea. Na kama hakuna kinachocheza lakini mlango umelala, gari liligongwa siku moja na bodi imepinda. Mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. Shida ya garaji nyingi za kando ya barabara ni kwamba yote manne yanapewa dawa moja, nyundo.

Nyundo ina wenzake wawili. Wa kwanza ni nondo inayoingizwa kati ya bawaba na kuikunja ili mlango upande. Mlango unapanda kweli, shofere anafurahi, analipa. Tundu bado ni kama yai, na mwezi haumaliziki mlango umerudi chini. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu una adabu: fundi analegeza kile chuma cha kwenye nguzo kinachokamatwa na komeo, anakiteremsha kidogo kiufuate mlango ulioshuka. Mlango unafunga vizuri, hata kwa sauti nzuri. Abiria hajui chochote. Lakini bawaba inaendelea kuliwa, na siku komeo litakaposhika kwa meno nusu tu, hakuna aliyeonywa.

Kwenye magari ya Toyota kazi ni tofauti kidogo na ile ya Camaro, na ni haki kuwatetea mafundi hapo. Kwenye mengi ya magari hayo pini ilipigwa kichwa kiwandani, haitoki kirahisi, na bushi hazipatikani peke yake. Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kununua bawaba nzima kutoka gari la aina ile ile lililokatwa kuuzwa vipuri, au piesi kama watu wanavyosema. Bawaba ya kushoto haiingii kulia, wala ya mbele haiingii nyuma, na kabla ya kulipa pesa mnunuzi aishike aitikise. Muuzaji wa piesi naye aliitoa kwenye gari lililofanya kazi kama hilo lake. Njia ya pili ni kuipeleka bawaba kwa fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, mwenye kupanua tundu liwe duara tena na kuchonga bushi na pini za kipimo kipya. Mafundi hao wapo, na kazi yao ikifanywa vizuri inaweza kudumu kuliko bawaba ya kununua iliyochoka nusu.

Kuchomelea pini ili isicheze, hapana. Kuchomelea mlango mzima usifunguke tena, hapana mara mbili. Gari likishika moto au likipinduka, watu wanne wa nyuma watatoka kwa mlango mmoja uliobaki, wakipandana.

Kuna jambo jingine linalofanya mlango wa Goma uwe hatari kuliko mlango wa mahali pengine. Kongo magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi ya mashariki yaliingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto, na usukani wake uko kulia. Shofere wa Goma kwa hiyo anakaa upande wa mtaro, na abiria wa mbele wanakaa upande wa katikati ya barabara. Mbele wanabanwa wawili kwenye kiti cha mmoja, nyuma wanne. Yule wa pembeni mbele ameegemea mlango kwa bega lake lote, mkanda hakuna. Mlango huo ukifunguka gari likiwa mwendoni, haangukii kwenye majani. Anaangukia mbele ya lori au motari anayekuja kutoka upande wa pili. Kwenye taxi-bus ni hivyo hivyo: mlango wake wa kuteleza unafungukia katikati ya barabara, na konveyeri ananing'inia hapo akiita "Signers, Signers". Mlango wa kuteleza hauna bawaba kama hizi. Una vigurudumu vidogo vinavyotembea ndani ya reli, navyo vinaliwa, na navyo vinatibiwa kwa kamba.

Nani basi amekosa? Ni rahisi kumnyooshea kidole shofere, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Shofere wengi wa Goma hawamiliki gari. Wana patroni, na jioni patroni anasubiri pesa yake ya siku, iwe mvua imenyesha, iwe mafuta yamepanda bei, iwe barabara ya Sake imefungwa. Shofere akipeleka gari garaji nusu siku, pesa ya patroni haipungui nusu. Inatoka mfukoni mwake, yaani kwenye chakula cha watoto wake. Kwa hesabu hiyo, kipande cha mpira chini ya kiti ni akili ya mtu aliyebanwa. Askari wa barabarani wakimsimamisha kwa ajili ya huo mlango, pia ni yeye anayelipa, na mlango unabaki vile vile.

Mwenye kushika ufunguo wa jambo hili ni patroni. Aseme tu: siku ya kutengeneza mlango, niletee nusu. Hakuna sheria mpya inayohitajika wala mradi wa shirika lolote. Gari ni lake, na bawaba ikiachwa mpaka nguzo ipasuke, atakayelipia bodi ni yeye huyo huyo. Wapo mapatroni wanaoelewa, na magari yao yanajulikana: abiria mwenyewe anafunga mlango na hakuna anayepiga kelele. Chama cha mashofere, ACCO, kingeweza kuwasemea wanachama wake kwa mapatroni waliobaki, maana shofere mmoja mmoja akidai anaambiwa aache ufunguo, wapo wengi wanaoutaka.

Watakuwepo wa kuuliza kama kweli huu ni wakati wa kuzungumzia milango. Watu wamekimbia vijiji vyao, wengine zaidi ya mara moja. Wamelala chini ya mabashi, wamezika ndugu zao bila kuwaona. Kando ya hayo bawaba ni kitu gani? Swali lina uzito, na anayeuliza hivyo hana ubaya. Lakini familia iliyopita katikati ya risasi na kufika salama haikutembea yote hayo ili mtoto aanguke kutoka kwenye teksi akipelekwa kwa daktari. Vita raia hawana uwezo wa kuisimamisha kwa mikono yao. Bushi ya shaba wanayo.

Na abiria ana sauti kuliko anavyofikiri, hasa wakiwa wawili watatu. Kabla ya kuingia, mtu aushike mlango ulio wazi upande wa mwisho na kuuinua kidogo. Ukipanda na kushuka mkononi, asimkalishe mtoto kando yake. Mtoto akae katikati, mtu mzima akae mlangoni. Mlango ukiwa umefungwa kwa mpira, wakatae kiti hicho. Shofere atakasirika, atasema mnachelewesha wengine, ataapa kwamba gari ni zima. Mama aliyekuwa wa kwanza kukataa atatukanwa kidogo, hiyo ni kweli. Lakini shofere akipoteza kiti kimoja kila safari kwa sababu ya mlango, jioni hesabu hiyo itafika kwa patroni bila mtu kuiandika, na hiyo ndiyo lugha ambayo patroni anaisikia haraka.

Kwa shofere anayetaka kuanza bila kungoja mtu, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani abiria ni wachache. Kriki anayo tayari kwenye buti, ubao hakosi, na rafiki wa kushika mlango yupo parkingi hapo hapo. Aanze na mlango wa mbele kushoto.